Dereva wa Sidii

Mwezi uliopita nilikwenda Sumbawanga kumsaidia Mama kufunga steshenari yake. Miguu yake haitaki tena kusimama kutwa kwenye mashine ya fotokopi, na siku hizi watu wanaandika barua zao wenyewe kwenye simu na kuzituma hivyo hivyo, na makosa yake. Nadhani hilo la makosa ndilo lililomuuma zaidi.

Chini ya meza ya nyuma, imefunikwa kitenge, nilikuta ile sipiyu ya zamani, sanduku la kompyuta yake. Nikaibeba hadi nje, kwenye jua. Ilipoanza kupata joto ikatoa harufu yake: vumbi lililopashwa moto, wino wa fotokopi, na waya. Sikuwa nimeisikia harufu hiyo kwa miaka mingi, na magoti yangu yalitaka kukunjika yenyewe, maana harufu hiyo niliizoea nikiwa nimekaa sakafuni. Nikachukua pini, nikaitia kwenye kile kitundu kidogo, na mlango wa sidii ukachomoza ulimi wake. Nilipoiinamisha ili nifute vumbi, punje moja ya ulezi ikadondoka kwenye kiganja changu, nyekundu, ndogo kama nukta.

Mama aliitazama.

"Fundi alisema amezitoa zote," akasema, akaingia ndani.

Ninyi wa umri wangu mnaikumbuka enzi ya sidii. Mnaukumbuka ule upinde wa mvua upande wa chini, na namna tulivyoutumia kurusha jua kwenye paji la uso la mwalimu. Siku hizi kompyuta zinauzwa bila mlango wowote, laini kama sabuni. Lakini ya Mama ilikuwa na mlango, na kwa siku chache za utoto wangu niliamini kwamba nyuma ya mlango ule alikaa mtu.

Baba yangu aliitwa Dereva. Alikuwa na jina la ubatizo kama kila mtu, padri alilitumia, na limeandikwa kwenye msalaba wake kule Mwimbi. Lakini mjini, sokoni, kwenye maghala ya mahindi, alikuwa Dereva. Mama alikuwa mke wa Dereva, mimi mtoto wa Dereva. Aliendesha lori la mtu mwingine, na siku moja alishuka nalo bondeni kwenda Muze kuchukua mpunga, hakupanda tena. Nilikuwa na miaka mitatu. Watu walikuwa na kumbukumbu zake za kutosha, walizitoa kila tulipokutana nao: kwamba alikuwa mrefu, kwamba hakugusa usukani kabla hajala ugali wa ulezi, kwamba alikuwa akisema dereva mwenye njaa hazioni kona. Mimi nilisikiliza hayo yote kama mtu anayesikiliza habari za mji asiowahi kufika. Sura nilikuwa nayo kwenye picha. Sauti sikuwa nayo popote.

Mtu akimuulizia, Mama alijibu neno moja. "Hayupo."

Kwa mtoto hilo ni neno la ajabu. Mwalimu akiita majina asubuhi, asiyefika tunamsemea hayupo, na kesho yake anafika, ana kamasi, anasema aliugua. Nilikuwa nimepelekwa kaburini. Nilijua kuna kitu kimeisha. Lakini kaburi lilikuwa Mwimbi na neno lilikuwa nyumbani kwetu, na neno lilisema tu kwamba kwa sasa, hapa, hayupo.

Nilikuwa na miaka minane Bibi, mama yake Baba, alipokuja kutoka Mwimbi kutibiwa macho. Ilikuwa miezi ya baridi, shule zimefungwa, upepo wa Ufipa unapita kwenye sweta kama hujavaa kitu. Alikuja na mfuko wa ulezi wa mwaka uliotangulia, akauweka kwenye kona ya duka, akakaa juu ya stuli karibu na printa kwa sababu ilitoa joto. Hospitali ilimwambia arudi baada ya mavuno. Jumanne hiyo, Mama akichapa barua ya mtu, Bibi akasema:

"Mama Skola."

"Abee mama."

"Macho haya wameshayaona, yanakwenda. Siwaonei wivu wenye kuona. Lakini masikio yangu bado mazima. Ile sahani ya Deleva ipo?"

Bibi hakuwa na herufi ya r kinywani, na sidii aliiita sahani. Mama aliacha kuchapa.

Sahani ilikuwepo. Mpiga picha mmoja aliirekodi kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani, na baada ya msiba akaja kumpa Mama, akisema humo ndani Dereva anaonekana na anazungumza. Mama aliiweka katikati ya kitabu cha nyimbo za kanisani na hakuwahi kuigusa. Kompyuta ni ya kazi, alisema. Kwa hiyo kwa miaka mitano sauti ya baba yangu ilikaa kwenye rafu, kati ya wimbo wa matoleo na wimbo wa komunyo, na mimi sikujua. Nilijua Jumanne ile.

"Nataka nimsikie," Bibi akasema. "Jumamosi lazima niludi, ulezi umeiva na ndege hawanisubili. Mwakani nitakuwa nasikia? Sijui."

Mama alifuta mikono yake kwenye kitenge kana kwamba alikuwa anakanda unga. Akabonyeza kitufe, ulimi ukatoka, akalaza sahani, ulimi ukarudi. Tukasikia ikizunguka ndani, vuuu, kama nyuki kwenye debe. Bibi akasogeza stuli. Mimi nikashika ukingo wa meza. Kisha ikanyamaza, na kwenye skrini hakikutokea kitu. Mama akafungua pale panapoonekana vitu vya kompyuta: diski kuu ilikuwepo, flashi ya mteja ilikuwepo. Sidii, hakuna. Haikusema sahani ni mbovu. Ilifanya kana kwamba haijawahi kuwa na mlango.

Tukajaribu deki ya jirani. Iliizungusha, ikalia kama inasaga mchanga, ikaitema. Ilipotoka ilikuwa na mchubuko mpya, mrefu kama unywele. Mama akaapa haitaingia tena kwenye mashine ya watu.

Jumatano akampigia simu fundi. Alikuwa anashikilia simu kwa bega, mkono kwenye maus, akifuata maelekezo. Mle dukani kulikuwa na mimi, Bibi, na mzee mmoja aliyesubiri kutolewa nakala ya cheti.

"Nimefungua orodha ya vifaa," Mama alikuwa akisema. "Ndiyo. Kuna alama ya njano, pembetatu, ina mshangao. Nibonyeze? Imeandikwa kwa Kiingereza. Subiri."

Mama alisoma kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akafasiri, kwa ule uangalifu wake wa kuweka kila neno mahali pake:

"Inasema dereva wa kifaa hiki ameharibika, au hayupo."

Yule mzee wa cheti alitazama viatu vyake.

"Nani kaiambia?" Bibi akauliza.

Bibi akaivuta kanga yake mabegani, akaigeukia ile kompyuta kwa adabu, kama mtu anayemrekebisha mgeni.

"Hajahalibika, mwanangu," akaiambia. "Hayupo tu."

Nami nikaelewa kila kitu. Ndivyo nilivyoona siku ile, na hata leo siwezi kuuona upumbavu wangu. Ulikuwa na mantiki safi. Mashine ilikuwa na dereva. Dereva hayupo. Sauti ya Dereva imo kwenye sahani, na sahani imo ndani ya mashine. Maana yake mle ndani kulikuwa na nafasi yake, pengine kiti, ambacho alipaswa kukikalia, na hakuwa amekaa. Si kwamba hawezi kuja. Jambo pekee nililojua linaloweza kumzuia Baba asishike usukani nililisikia maisha yangu yote.

Mama alipotoka kwenda kununua rimu ya karatasi, na Bibi anasinzia, nilichota ulezi mkono mmoja kutoka kwenye mfuko. Nikabonyeza kitufe. Nikaumwaga kwenye ulimi, nikausawazisha kwa kidole ili usimwagike, nikausukuma. Mlango ukala. Ndani kukasikika kra, kra, kra, kisha kimya, na mimi nikajisikia kama mtu aliyemwandalia mgeni meza.

Fundi alikuja Alhamisi. Sote tulikuwa tunamtarajia mwanaume, maana kwenye simu sauti yake ilikuwa nzito. Akaingia msichana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, begi la bisibisi mgongoni, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi. Aliitwa Tusekile, alitoka Mbeya, na alikuwa anaicheka baridi yetu kwa meno yanayogongana.

"Shikamoo bibi."

"Malahaba. Wewe ndiye fundi? Nilidhani anakuja mwanaume."

"Na mimi nilidhani nakuja kukagua kompyuta, bibi. Kumbe nakuja kukaguliwa."

Bibi alicheka hadi akakohoa. Tusekile akanigeukia. "Mambo, mshikaji?"

"Poa," nikasema, na kuanzia hapo sikubanduka kwake.

Aliilaza sipiyu ubavu, akaifungua kifuniko. Nilikuwa sijawahi kuona ndani. Nilitafuta kiti. Kulikuwa na nyaya pana kama utepe, feni yenye manyoya ya vumbi, vidubwasha vilivyosimama kama nyumba za mji zikionekana kutoka mlimani. Akachomoa ule mlango wa sidii wote, sanduku la bati la ukubwa wa tofali la kuchoma, akautikisa karibu na sikio. Uso wake ukabadilika. Akatandika gazeti, akaufungua, akauinamisha.

Ulezi ukanyesha.

"Mama Skola," Tusekile akasema polepole, "mnasagia humu?"

Mama alisimama. Nilijua macho yale.

"Skolastika. Nani ameweka?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nilitazama gazeti. "Dereva hajala."

Nilisubiri kofi. Halikuja. Mama alisema anakwenda kuanua nguo, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hatukuwa tumeanika nguo. Bibi alinyoosha mkono, akaupapasa ulezi ule juu ya gazeti, akaukusanya kwa ukingo wa kiganja, ukawa kichuguu kidogo.

"Hujakosa kumpa chakula," akasema. "Umekosea sahani tu."

Tusekile hakuwa ameelewa, na hakuna aliyemweleza, lakini nadhani alihisi, maana alinivuta nikae karibu naye. "Usiogope. Ulezi hauna kosa. Hili tatizo lilikuwepo kabla ya ulezi, na nitakuonyesha." Akafuta, akarudisha, akawasha. Kabla ya picha yoyote kutokea, skrini ilikuwa nyeusi yenye maandishi meupe yanayokimbia. "Tazama hapo. Umeona? Hilo jina lililopita ni la mlango wa sidii. Mashine yenyewe inaujua. Ikishaamka vizuri ndipo inausahau." Akachukua mlango mwingine aliokuja nao, akauchomeka badala ya ule wetu. Pembetatu ile ile ya njano. Akabadilisha waya. Pembetatu. Akaufuta kwenye orodha, akazima, akawasha ili mashine iutafute upya. Ikaupata, ikaupachika pembetatu yake. Kila alipofanya hivyo alisema, "Haya, si bati. Haya, si waya." Alikuwa anaondoa kitu kimoja kimoja duniani ili abaki na kosa peke yake. Sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akikosea mara nyingi hivyo kwa furaha.

Mwisho akachukua kipande cha selotepu ya karatasi, akakibandika kwenye bati la sipiyu, akaandika kwa kalamu ya wino mzito: DEREVA HAIPO.

Mama alikuwa amerudi, macho mekundu, mikono mitupu. Aliusoma ule utepe akaona kile ambacho yeye tu angekiona.

"Hayupo," akasema.

"Mama?"

"Dereva hayupo. Dereva ni mtu. Hatusemi haipo."

"Huyu si mtu, mama. Ni programu. Sisi mafundi tunasema haipo."

"Neno likishakuwa dereva, ni hayupo. Hata angekuwa wa punda."

Tusekile akacheka. "Sawa. Lakini mtu akiwa hayupo, unamsubiri. Hii ikiwa haipo naitafuta, naipakia, tunaendelea na kazi."

Mama hakucheka. Mimi nilisimama katikati ya yale maneno mawili kama mtu aliyesimama mlangoni. Haipo. Sikuwahi kusikia dereva akiitwa hivyo, kama kijiko. Nilisubiri Mama aende kwa mteja.

"Dada, kwa hiyo dereva wa kompyuta siyo mtu?"

"Siyo. Ni kama barua ya maelekezo. Inaieleza kompyuta namna ya kuzungumza na mlango: fungua, zungusha, soma."

"Ana sauti?"

"Hana," akasema, kisha akajikwaa. "Haina."

Kwa hiyo hakuwa Baba. Nilikaa na jambo hilo kidogo, nikaona kwamba haliumi kama nilivyofikiri. Lilikuwa limefungua maswali mengine. Nani aliiandika hiyo barua? Kwa nini aliiita dereva, si mpishi, si mkalimani? Na kama dereva haipo, anatafutwa wapi?

"Hapo sasa," Tusekile akasema, akikuna kofia yake. "Kompyuta hii ilipouzwa ilikuja na madereva wake wote. Unajua wako wapi?"

"Wapi?"

Akachomoa kutoka kwenye begi sidii moja ya bluu. "Humu. Dereva wa mlango wa sidii yuko kwenye sidii. Na sidii haiwezi kusomwa mpaka dereva awepo."

Nilimtazama, naye akanitazama, tukaanza kucheka wawili, tukacheka hadi Bibi akauliza ni nini. Nilipomweleza akasema huyo ni mtu aliyejifungia ufunguo ndani ya nyumba, jambo ambalo yeye alilifanya kila wiki.

Lakini jioni kicheko kilikuwa kimeisha. Tusekile alitafuta dereva mtandaoni, mtandao ukivuta kama ng'ombe matopeni, akaipata, akaipakia. Kompyuta ikajibu kwamba dereva bora zaidi tayari ipo. Ipo, na pembetatu ipo. Akasema imebaki njia moja, kupiga windo upya, kufuta kila kitu na kuanza mwanzo.

"Kila kitu?" Mama akauliza.

"Kila kitu."

Mle ndani kulikuwa na hati za nusu ya mji: wosia, barua za kuomba kazi, tasnifu ya mwalimu mmoja aliyeiandika kwa miaka miwili. Mama alitazama skrini, akamtazama Bibi, akatikisa kichwa. Bibi akasema haina neno. Alisema hivyo mara tatu. Kisha akaanza kukunja nguo zake za kuondokea, ingawa ilikuwa bado siku moja.

Ijumaa nilikaa kwenye kizingiti tangu asubuhi. Sikumwomba Mungu, nilikuwa nafikiri. Kama dereva yupo, na gari ni zima, kwa nini gari haliondoki? Tusekile alipotokea kwenye kona ya barabara, mikono mifukoni, anatembea haraka, nilimkimbilia na swali hilo. Akasimama.

"Hilo ndilo nililokuwa namuuliza mshikaji wangu wa Mbeya kwenye simu," akasema. "Umepanda lori wewe?"

"Baba yangu alikuwa dereva."

Alitazama duka letu, mlango wake wa bati, Bibi aliyejikunyata ndani, na nikaona vitu vinapangika usoni mwake: ulezi, neno hayupo, nguo ambazo hazikuwa zimeanikwa. Alichuchumaa tukawa sawa.

"Basi utanielewa kuliko wote. Lori linaondoka lini?"

"Utingo akigonga bodi." Nilijua hilo, malori yalipita dukani kila siku, msaidizi wa dereva akining'inia nyuma. "Anagonga mara mbili, anapiga kelele twende."

"Haswa. Sasa sikiliza. Dereva wa kompyuta yenu yupo. Yupo muda wote huu, kakaa kwenye usukani. Tatizo ni utingo."

Ndani alimuuliza Mama kama kuna mtu aliwahi kuweka programu ya kuchoma sidii. Mama akakumbuka: kijana mmoja wa kwaya aliiweka ili anakili nyimbo zao kwenye sidii, na ilipoanza kuleta matangazo Mama akaifuta.

"Ukaifuta programu," Tusekile akasema, "lakini ilipoingia ilikuwa imejiandikisha utingo. Kila dereva akitaka kuamsha mlango lazima asikie kwanza utingo kagonga. Programu ikaondoka, utingo akaondoka nayo. Jina halikufutwa. Kila asubuhi dereva anawasha, anamsubiri utingo, hagongi. Anasubiri weee, kisha kompyuta inakata tamaa inasema dereva mbovu. Kumbe anamsubiri mtu ambaye hayupo."

Alisema hayupo. Mama alimsikia.

"Jina limeandikwa wapi?" Mama akauliza.

"Kwenye daftari la kompyuta. Nalifungua, nalitafuta, nalifuta. Ila nikikosea mstari humo, mashine haiwaki kabisa. Nitalinakili lote kwanza kwenye flashi. Uamuzi ni wako."

Mama alikaa. Alikuwa mwanamke ambaye kila jioni, kwa miaka mitano, alipakua chakula kwenye mabakuli manne: lake, langu, la mgeni akitokea, na moja dogo lenye mfuniko ambalo asubuhi lilikwenda kwa kuku. Sikuwahi kuuliza la nne ni la nani. Aliitazama ile flashi ikinakili, taa yake ikipepesa.

"Futa jina," akasema.

Daftari la kompyuta lilikuwa majalada ya manjano ndani ya majalada ya manjano, mamia. Tusekile aliteremka ndani yake polepole, akisoma kila jina kwa sauti ya chini. Bibi alikuwa ameweka mkono kwenye goti langu. Hatimaye kidole cha fundi kikasimama kwenye mstari mmoja.

"Huyu hapa."

"Ukimfuta anaumia?" nikauliza.

"Ameshaondoka zamani. Hili ni jina tu limebaki."

Akafuta. Akazima. Akawasha. Maandishi meupe yakakimbia, picha ikatokea, na Mama, mwenyewe, bila kuambiwa, akafungua pale panapoonekana vitu. Diski kuu. Na pembeni yake, kijiduara kidogo cha fedha.

Mama akafungua kitabu cha nyimbo, akatoa sahani, akaifuta kwa pindo la kitenge kuanzia katikati kwenda nje kama Tusekile alivyomwonyesha. Ikaingia. Ikazunguka. Ikakwama kidogo, nadhani kwenye ule mchubuko, kisha ikapita.

Watu wanacheza. Sufuria. Mtoto aliyebatizwa analia. Yalikwenda hivyo muda mrefu. Kisha kamera ikatoka nje ya ua, kuelekea kwenye lori la bluu, na mwanaume mrefu aliyekunja mikono ya shati anaosha kioo.

"Dereva!" akaita mpiga picha. "Sema neno!"

"Neno gani?" akasema baba yangu. "Zima hiyo, unamaliza betri za watu."

Nilikuwa nimemtungia sauti ya radi. Hii ilikuwa nyembamba, yenye mikwaruzo, ya mtu aliyeamka mapema, na r zake zilitetereka, karibu ziwe l za Bibi, kabla hazijasimama. Alicheka, akakohoa. Bibi alikuwa amefumba macho. "Ndiye," akasema. "Anakohoa hivyo hivyo."

Baba akatupa kitambaa kwenye ndoo, akainama, akachungulia chini ya lori.

"Skola! Toka chini ya gari, mama. Baba anaondoka."

"Abee!" nikaitika.

Nilikuwa nimeshasimama. Nilisimama katikati ya duka, mikono imenyooka, kama tulivyofundishwa kuitika, na hakuna aliyecheka. Kwenye skrini kitoto kilichojaa vumbi kilitambaa kutoka kati ya magurudumu. Mtu ambaye hakuonekana akagonga bodi mara mbili. Lori likaunguruma, na hapo mpiga picha akawa amezima.

"Ludisha," Bibi akasema.

Tusekile akarudisha. Aliniita tena, nikaitika tena. Bibi akasema ludisha. Mteja aliingia, akasimama, akatoka bila kuuliza bei. Sijui Baba aliniita mara ngapi mchana ule. Sikuacha kuitika hata mara moja, na kila mara ilinishangaza vilevile kwamba mtu ambaye sikumkumbuka alikuwa analijua jina langu.

Kabla ya kuondoka, Tusekile alipiga magoti kufunga kifuniko cha sipiyu. Akauona utepe wake. Akatoa kalamu, akamtazama Mama kama mwanafunzi, akakata neno moja, akaandika jingine juu yake. Mama aliinama kuusoma, naye hakuwahi kusoma kitu bila kukirekebisha. Aliusoma mara mbili. Hakugusa kitu.

Utepe bado upo, umegeuka kahawia. Mwezi uliopita niliufuta vumbi kwa kidole, nikairudisha ile punje kwenye ulimi, mahali pake, nikausukuma mlango taratibu hadi ukajifunga. Kwenye bati, kwa wino uliofifia, limeandikwa DEREVA, kisha neno lililokatwa, na juu yake, YUPO.